Huyu Tulianza Naye

Mazungumzo ya redio ya asubuhi
Somo: Mithali 12:10

Asubuhi ya leo tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo huenda wengine wenu mtalicheka. Tunataka kuzungumza juu ya mchezo wa watoto. Lakini twawasihi msifunge redio zenu. Mchezo huu ulitukuta sisi wazee wawili tumeketi kwa amani katika nyumba yetu, ukatuuliza swali ambalo hatukuwa tayari kulijibu.

Wakati wa likizo mjukuu wetu alikuja kukaa nasi. Ni mvulana wa miaka 11. Jioni moja alikuwa ameketi mezani na simu ya zamani aliyopewa na mama yake, akigusagusa kioo kwa kidole, haraka haraka, kama mtu anayechambua mchele.

"Unafanya nini, mjukuu wetu?" tukamwuliza.

"Nawatuma kwa profesa, babu."

Hatukuelewa, basi akatueleza. Mchezo wenyewe unaitwa Pokémon GO, nao ulitolewa mwaka 2016. Mtu hutoka nje na simu yake, akatembea, na katika kioo cha simu huonekana viumbe vya ajabu, kana kwamba viko pale pale barabarani au chini ya mti. Mchezaji hurusha mpira mdogo, kiumbe kikaingia ndani ya mpira, na tangu hapo ni chake.

"Nimewakamata kumi na wanne wa aina moja," akasema kijana. "Namweka yule mwenye nguvu. Wengine nawatuma kwa profesa. Kila nikimtuma mmoja napewa peremende, na peremende ndizo zinazomtia nguvu yule niliyembakiza."

"Na huko kwa profesa wanafanywa nini?"

"Sijui, nyanya. Hawarudi."

Akaendelea na kazi yake. Mmoja akaenda, wa pili akaenda, wa tatu akaenda. Halafu tukaona kidole chake kimemruka mmoja. Alikuwa kiumbe mdogo, dhaifu kuliko wote. Tukamwuliza, mbona huyo umemwacha? Je, ana nguvu iliyofichika?

"Hapana," akajibu, bila hata kuinua macho. "Huyu hana nguvu hata kidogo. Lakini huyu tulianza naye."

Tulicheka, wapenzi wasikilizaji. Kisha tukanyamaza, na chai yetu ikapoa mezani. Sababu ya kunyamaza kwetu ilikuwa imefungwa kwa kamba nje, chini ya mti. Tutawaeleza habari yake baadaye. Kwanza tuutazame mchezo wenyewe, tusije tukamhukumu mtoto kwa jambo tusilolijua.

Mchezo huu asili yake ni Japani. Mtu aliyeubuni anaitwa Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka 1965 na kukulia Machida, katika viunga vya jiji la Tokyo. Alipokuwa mtoto alipenda sana kukamata wadudu. Aliwatafuta mashambani, na kwenye vidimbwi, na chini ya mawe. Lakini jiji lilikuwa likipanuka. Mashamba na vidimbwi vile vilifunikwa, pakajengwa nyumba na maduka, na wadudu wakatoweka. Tajiri alipokuwa mtu mzima alitamani watoto wa mjini waionje furaha ile ya kutafuta na kupata. Basi tarehe 27 Februari 1996 michezo miwili ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Nintendo, kwa ajili ya chombo cha kuchezea cha mkononi kiitwacho Game Boy. Jina Pokémon ni kifupi cha maneno yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Aina zake zilikuwa 151, na baadhi yake zilipatikana katika mchezo mmoja tu kati ya ile miwili, hata mtoto asiweze kuwapata wote bila kubadilishana na mwenzake.

Wako ndugu zetu walioogopa waliposikia neno dubwana, wakadhani ni habari za mashetani. Sisi hatukuona shetani pale. Tulimwona mtoto na mdudu wake. Na ni nani kati yetu tuliokulia shambani ambaye hakumkamata panzi, au hakumfunga mbawakawa uzi mguuni ili aruke akizunguka zunguka kichwani pake? Tulifurahi sana siku hizo. Kama mbawakawa naye alifurahi, hatukuuliza.

Hapo ndipo penye swali letu la leo. Kiumbe asiye na sauti akiwa mkononi mwako, wewe ni nani kwake?

Yako mambo katika mchezo huu ambayo ni haki kuyalaumu. Ili umpate kiumbe wa porini katika michezo ile ya kwanza, kwa kawaida humpiga kwanza kwa kutumia kiumbe wako, mpaka adhoofike, ndipo unarusha mpira. Ukishampata, unampiganisha na viumbe vya watu wengine. Unatembea na sita tu. Wengine wote wanawekwa ndani ya kompyuta, wakisubiri siku utakayowakumbuka. Mwaka 2012 chama cha Marekani cha kutetea wanyama, PETA, kilitoa mchezo wake wa dhihaka, kikisema kwamba Pokémon huwazoeza watoto kumwona mnyama kama kitu cha kukamatwa na kupiganishwa.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Wala tusiseme kwamba ni mambo ya wageni. Huku kwetu, huko Kakamega, wenzetu wa Isukha na Idakho wana desturi ya miaka mingi ya kupambanisha mafahali, na umati hukusanyika kutazama. Mwenye fahali humlisha vizuri, humwimbia, humjua kwa jina kama mwana wa nyumbani. Kisha humpeleka uwanjani. Je, huo ni upendo au ni matumizi? Ukimwuliza mwenyewe atakuambia ni upendo, wala hasemi uongo. Lakini fahali hakuulizwa.

Walakini tuseme ukweli wote. Watu waliotunga mchezo huu walilisikia swali hilo wenyewe, na kwa miaka mingi wamejaribu kulijibu. Katika michezo iliyotolewa mwaka 1999 waliweka jambo jipya, kwamba kiumbe huweka hesabu moyoni ya jinsi anavyotendewa. Ukitembea naye, upendo wake huongezeka. Ukimwacha apigwe mpaka azimie, hupungua. Kuna dawa chungu ambazo humponya, lakini kwa kuwa ni chungu, upendo wake hupungua pia. Na yuko popo mmoja aitwaye Golbat. Mpiganishe upendavyo, mshindie vita elfu, hatageuka kuwa popo mkubwa aitwaye Crobat mpaka awe amekupenda. Nguvu haimkomazi huyo.

Tena iko filamu yao ya televisheni, iliyoanza kuonyeshwa Japani mwaka 1997. Katika sehemu ya kwanza kijana mmoja, ambaye kwa Kiingereza huitwa Ash, anapewa kiumbe wake wa kwanza, Pikachu, mdogo kama paka, rangi ya manjano, mwenye umeme mwilini. Pikachu hataki kuingia katika mpira, wala hataki kumfuata. Kijana anavaa glavu za mpira ili asipigwe na umeme, anamfunga kamba, anamburuta njiani. Kwa hesabu ya sheria, Pikachu ni wake. Kwa hesabu ya moyo, hana mwenzi, ana mateka. Kisha ndege wakali wanawashambulia wote wawili, na Pikachu anaumia sana. Hapo ndipo kijana anaposimama katikati, akinyoosha mikono yake, ili ndege wamwumize yeye badala ya kiumbe wake. Na yule aliyeburutwa kwa kamba asubuhi anaruka kumwokoa. Tangu siku ile hakuna kamba tena, wala hakuna mpira. Pikachu hukaa begani.

Ndugu zetu, Mithali ile tuliyoitaja mwanzoni ina sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwenye hekima anatufundisha kwamba mtu mwenye haki hutambulikana hata zizini, kwa namna anavyoujali uhai wa mnyama wake. Hakusema atambulikane kanisani. Kanisani tunatazamwa na watu. Zizini hakuna shahidi ila Mungu na mnyama mwenyewe, na mnyama hatatoa ushuhuda katika mkutano wa wazee wa kanisa.

Lakini sehemu ya pili ndiyo iliyotuchoma sisi. Hapo anatuonya kwamba hata kile ambacho mtu mwovu hukiita huruma, ukikifunua, ndani yake utakuta ukatili.

Mtasema, huruma inawezaje kuwa ukatili? Sikilizeni tena hadithi ya mchezo huu. Mwaka 2010 ilitolewa michezo mingine miwili, Black na White. Ndani yake lipo kundi liitwalo Team Plasma, na msemaji wake ni mzee mmoja mwenye maneno matamu, jina lake Ghetsis. Anasimama hadharani na kuwaambia watu kwamba viumbe hivi vinateseka mikononi mwao, na kwamba upendo wa kweli ni kuviachilia huru. Wengine wanaguswa moyo. Yuko pia kijana aitwaye N, aliyelelewa pamoja na viumbe vilivyoumizwa na wanadamu, na ambaye anaweza kuisikia sauti yao. Huyo anaamini neno lile kwa moyo safi. Kumbe Ghetsis hana huruma hata chembe. Shabaha yake ni kwamba watu wote wakishaachilia viumbe vyao, yeye peke yake abaki navyo, awatawale wote. Neno lilikuwa jema. Moyo ulikuwa mwingine.

Na yule kijana N anafunguliwa macho na nini? Si mahubiri. Anakutana na mchezaji, anasikiliza kiumbe wa mchezaji anavyosema juu ya bwana wake, naye anashangaa, kwa sababu kiumbe yule anasema mema. Ushahidi ulikuwa kwa yule aliyefugwa. Hakuna mwingine aliyeweza kuutoa.

Sasa turudi nje, chini ya mti.

Sisi tuna punda. Tulimnunua mwaka 2007, tukamwita Subira. Siku hizo mto ulikuwa mbali na nyumba yetu, na Subira alibeba mitungi ya maji asubuhi na jioni. Maji ya kupikia na kufulia alibeba yeye. Maji ya kukanda udongo wa matofali ya nyumba hii tunayolala ndani alibeba yeye. Mahindi ya kwenda kusagwa alibeba yeye. Mama yake mjukuu wetu alipokuwa karibu kujifungua, mvua imekata barabara, yeye ndiye aliyemfikisha kwenye gari. Hata mvulana yule aliyeketi mezani na simu, kwa namna fulani, aliletwa na Subira.

Kisha maji ya mfereji yalifika kijijini. Subira naye akazeeka. Bega moja lina kovu lisiloota manyoya, mahali ambapo kamba ilimkata miaka mingi. Hatukuwa na haja naye tena. Akaja mnunuzi, mtu anayekusanya punda kwa ajili ya nyama na ngozi, akataja bei. Bei ilikuwa nzuri, na karo ya shule ya mjukuu wetu ilikuwa haijalipwa. Tukakubali. Arubuni tulikuwa tumekwisha kuipokea, na siku ile mtoto alipokuwa akicheza pale mezani, mnunuzi alikuwa aje kesho yake asubuhi.

Na mwajua tulisema nini sisi kwa sisi? Tulisema ni huruma. Tulisema mzee huyu amechoka, nasi tunampumzisha. Tuliyasema maneno hayo kwa sauti ya upole sana. Lakini kama ingekuwa huruma, tungalimpumzisha siku kovu lile lilipokuwa bado ni kidonda. Siku hiyo tulimwekea gunia juu ya kidonda, tukampakia mitungi. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli mitungi ile ilikuwa myepesi sana kwetu tuliotembea nyuma yake. Husema pia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Miaka yote hii Subira hakutupiga teke. Shukrani ya mateke ilikuwa yetu.

Tulikumbuka habari ya punda wa Balaamu, katika kitabu cha Hesabu, sura ya 22. Punda yule alipopigwa mara tatu, Bwana alimfungua kinywa, akasema. Na alipopewa nafasi hiyo ambayo hakuna punda mwingine aliyewahi kupewa, hakumlaani bwana wake wala hakumtisha. Alimkumbusha miaka tu. Alimwuliza kama yeye siye punda aliyempanda siku zote hizo, na kama amewahi kumtendea hivi. Balaamu, nabii mwenye maneno mengi, alikuwa na jibu la neno moja tu, la.

Maneno ya punda yule na maneno ya mjukuu wetu ni yale yale. Huyu tulianza naye.

Usiku ule hatukulala vizuri. Asubuhi mnunuzi alipokuja tulimrudishia arubuni yake. Alitucheka, akasema wazee hawa wamerudi utotoni. Labda alisema kweli. Karo tuliilipa kwa shida, nusu kwa kuuza magunia mawili ya maharagwe, na nusu kwa kumwomba mwalimu mkuu atusubiri mpaka mwisho wa muhula. Hatuwaambii haya ili mtusifu. Tulikuwa tumebakiwa na usiku mmoja tu, na kama mtoto yule angalikuwa amelala mapema, Subira hangekuwapo leo.

Wala hatusemi kwamba mnyama asiuzwe kamwe, au asichinjwe. Sisi wenyewe tunakula nyama, na ziko nyumba ambazo njaa imefika mlangoni, nasi hatuna mamlaka ya kuzihukumu. Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala wanyama. Lakini huyo huyo aliyempa utawala, katika Torati alitaka ng'ombe na punda wapumzike siku ya saba pamoja na bwana wao. Alitaka pia ng'ombe anayepura nafaka asifungwe kinywa. Basi mtawala ana deni. Anayetumikiwa ana deni kwa anayemtumikia, na deni hilo halifutiki siku nguvu za mtumishi zinapokwisha. Siku hiyo ndipo linapoanza kudaiwa.

Kwa hiyo, mzazi, ukimkuta mtoto wako akicheza mchezo huu, usianze kwa kumpokonya simu. Keti naye. Mwulize, hawa unaowatuma wanakwenda wapi? Mwulize, ni yupi ambaye hungemtuma, na kwa nini? Utayasikia ya moyoni mwake, na pengine utayasikia ya moyoni mwako. Viumbe vile ni picha tu, havioni njaa wala kiu. Lakini moyo unaojizoeza mezani ni moyo ule ule utakaotoka nje na kumkuta mbwa amefungwa mnyororo juani bila maji, au kuku amening'inizwa miguu juu kutoka sokoni.

Na si wanyama peke yao. Yuko mke uliyeanza naye katika chumba kimoja cha kupanga. Yuko mfanyakazi aliyelea watoto wako, na sasa magoti yake hayapandi ngazi. Yuko mzazi aliyekaa kule kijijini, ambaye hakuongezei nguvu tena. Dunia inatufundisha kuwatuma kwa profesa na kupokea peremende. Wewe je, kidole chako kitawaruka?

Mjukuu wetu amerudi shuleni. Kabla ya kuondoka alimpelekea Subira maji katika karai, akasimama karibu naye mpaka akamaliza kunywa. Hatukumwambia habari ya mnunuzi. Labda siku moja, atakapokuwa mkubwa, tutamwambia.

Na tuombe. Ee Mungu, uliyewafanya viumbe wote, tusamehe kwa wale tuliowatumia tukawasahau. Tuonyeshe tofauti ya huruma yetu na huruma yako. Utupe kuwakumbuka tulioanza nao, kama wewe usivyotusahau sisi katika udhaifu wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, mpaka juma lijalo.